Taa ya usiku ni amana, tusiunge nyaya kwa kubahatisha

 

Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo napenda tuzungumze jambo ambalo huenda baadhi yenu mkaliona si la ukurasa huu. Nalo ni taa za majumbani mwetu, na desturi iliyoenea katika mitaa yetu ya Tanga ya kila mwenye bisibisi na tepu nyeusi kujifanya fundi umeme wa nyumba yake. Nilipomdokeza rafiki yangu mmoja kuwa nitaliandikia, alicheka akaniambia, "Sheikh, hilo waachie TANESCO." Nilimjibu kwamba TANESCO wajibu wao huishia kwenye mita. Kuanzia mita kuingia ndani, mwenye kuulizwa ni mwenye nyumba, hapa duniani na kesho mbele ya Mola wake.

Tena jambo hili halikuanza na umeme. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari (R.A.) kwamba nyumba moja mjini Madina iliungua usiku pamoja na watu wake. Mtume (S.A.W.) alipopewa habari zao aliwafahamisha sahaba zake kuwa moto ni adui yao, na akawaamuru wauzime kila wanapokwenda kulala. Katika Hadithi ya Jabir (R.A.) ikaelezwa na sababu ya amri hiyo: panya huweza kuuburura utambi wa taa akawaunguzia watu nyumba nao wamelala. Na katika Sunan ya Abu Dawud ipo habari ya Ibn Abbas (R.A.) kuwa panya aliwahi kuuvuta utambi, akauleta hadi kwenye mkeka aliokuwa amekalia Mtume mwenyewe (S.A.W.), ukaunguza mahali padogo kiasi cha dirhamu moja.

Maulamaa hawakuipita amri hii hivi hivi. Imam Nawawi, alipoisherehesha Sahihi Muslim, aliuliza: je, kandili zinazotundikwa misikitini na kwingineko nazo zimo katika katazo? Akajibu kuwa zikihofiwa kuleta moto zimo, na zikiwa salama, kama ilivyo kawaida yake, hapana ubaya, kwa sababu ile illa ya katazo imeondoka. Naye Qurtubi, kama alivyonukuliwa na Ibn Hajar katika Fat'h al-Bari, akasema kwamba mtu aliye peke yake nyumbani ni juu yake kuuzima moto kabla ya kulala, na wakiwa wengi basi ni juu ya baadhi yao, na anayestahiki zaidi kubebeshwa wajibu huo ni yule wa mwisho kulala.

Basi tujiulize swali alilojiuliza Nawawi. Taa ya umeme haina utambi wala ndimi za moto. Ikiwa imefungwa sawasawa, illa imeondoka, na mtu anaweza kulala nayo ikiwaka. Lakini ikiwa waya wake umeungwa kwa kusokota vidole na kufungwa mfuko wa nailoni, umepita juu ya makuti makavu, na panya wa dari wanautafuna kila usiku, illa imerudi pale pale ilipokuwa Madina, na panya ni yule yule. Tofauti ni kwamba utambi ule ulionekana kwa macho, na mwenye nyumba akaweza kuupuliza akalala. Waya uliochunika juu ya dari haumuoni mtu.

Mkoa wetu una historia ndefu na umeme kuliko mikoa mingi ya nchi hii. Maji ya Mto Pangani yalianza kuzalisha umeme tangu zama za mkoloni, na sehemu kubwa ya umeme huo ilikuwa kwa ajili ya mashamba na viwanda vya mkonge. Kituo cha Hale cha megawati 21 kilianza mwaka 1964, na kile kipya cha Maporomoko ya Pangani cha megawati 68 mwaka 1995. Pamoja na hayo, kwa miaka mingi watu wa vijijini walikaa na koroboi zao huku nyaya kubwa zikipita juu ya vichwa vyao kwenda kwa wengine. Hali ilianza kubadilika baada ya Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 na kuundwa kwa Wakala wa Nishati Vijijini, hadi ikafika mwanakijiji kuunganishiwa kwa shilingi 27,000. Tumshukuru Mwenyezi Mungu kwa neema hiyo. Aliyewahi kusoma juzuu yake kwa mwanga wa koroboi, pua zikajaa masizi, anaijua thamani yake.

Ila neema hii iliingia katika nyumba ambazo hazikujengwa kwa ajili yake. Nyumba zetu za Pangani, Tongoni, Moa na hata sehemu za Ngamiani na Makorora ni za miti na udongo, boriti za mikoko, na nyingine bado paa la makuti. Juu ya hayo ipo hewa ya bahari. Kila mwenye baiskeli Raskazone anajua chumvi inavyokula chuma, lakini ni wachache wanaokumbuka kuwa chumvi ile ile inaingia ndani ya soketi na swichi. Shaba huota kutu ya kijani, skrubu hulegea, na pale waya wa shaba ulipofungwa pamoja na wa alumini, kiungo huoza upesi zaidi. Kiungo kilicholegea hupata moto. Hakizimiki, hakipigi kelele, kinapata joto tu usiku baada ya usiku, mpaka siku moja joto hilo linakutana na kuti au godoro. Masika yanapoingia na bati likavuja, maji nayo yanatafuta njia yake kuelekea kwenye viungo hivyo.

Nina kisa cha kukiri hapa, maana si haki niwaonye wengine nikajificha. Zaidi ya miaka ishirini iliyopita, nikisomesha katika madrasa moja ya hapa mjini, holda ya taa ya darasani ilivunjika siku mbili kabla ya Ramadhani. Niliona hakuna haja ya kumwita fundi kwa jambo dogo kama hilo. Nilizima swichi ya ukutani, nikahakikisha taa nyingine iliyofungwa katika swichi hiyo nayo imezimika, nikapanda juu ya meza. Mwanafunzi mmoja wa juzuu ya Amma alikuwa ananishikia miguu ya meza ile. Nilikuwa nimetoka kutawadha, miguu yangu ina maji. Nilipoigusa ile holda nilirushwa hadi sakafuni. Mtoto alicheka kwanza, akidhani namfanyia mzaha, kisha akaona mkono wangu unavyotetemeka akaanza kulia.

Alikuja fundi mzee, mtu wa maneno machache. Alizima swichi kama nilivyofanya mimi, akaingiza tesita yake katika holda, na tesita ikawaka. Akanieleza kwamba umeme huja kwa waya wa moto, ambao mafundi huuita laivu, na hurudi kwa waya mwingine wanaouita nyutro. Swichi inapaswa kukata ule wa kuja. Aliyeifunga swichi yetu aliiweka katika njia ya kurudi. Taa huzimika vilevile, mwenye nyumba akaridhika, lakini holda inabaki na umeme wake wote usiku na mchana.

Aliyeifunga alikuwa ndugu yetu mmoja mwema aliyejitolea fi sabilillah, na mimi ndiye niliyemsifu mbele ya wazazi. Baya zaidi, chumba cha pili, walichokuwa wakisomea wasichana, nilikifunga mimi mwenyewe kwa kuiga alivyofanya yeye. Fundi alipokwenda huko tesita ikawaka pia. Miaka miwili watoto wa watu walikuwa wanapanda juu ya madawati kubadilisha balbu katika vyumba vile kwa amri yangu. Nia yangu ilikuwa njema, na nia hiyo isingemrudishia mzazi yeyote mtoto wake.

Tangu hapo nimekuwa nikiuliza mafundi na kusoma, na nimegundua kuwa wengi wetu tunaupima umeme kwa ukubwa wa kifaa. Tunaogopa jiko na mashine ya kusaga, taa tunaiona jambo la kitoto. Hesabu yake ni hii. Umeme wa majumbani mwetu ni wa volti 230. Vile vifaa vinavyokata umeme vyenyewe vinapohisi unavuja, kwa nyumba za kawaida, hutengenezwa vikate pindi uvujaji unapofikia sehemu 30 za elfu moja ya ampea, kwa sababu juu ya hapo moyo wa mwanadamu unaingia hatarini. Balbu ya zamani ya wati 60 hupitisha takriban sehemu 260 za elfu, yaani karibu mara tisa ya kiwango hicho. Hata hii ndogo ya kisasa ya LED ya wati 9 haipungui sehemu 39. Kwa hiyo umeme unaotosha kuwasha taa ya chooni unatosha kumuua mtu mzima.

Wengine hujifariji kwamba "breka ipo, itakata". Saketi breka ya njia ya taa kwa kawaida ni ya ampea 6, na hiyo ni mara 200 ya kiwango nilichokitaja. Imewekwa kuulinda waya usiungue, haikuwekwa kukulinda wewe. Umeme ukupitie mwilini mpaka roho itoke, breka hiyo haitashtuka. Kinachomlinda mtu ni kile kifaa cha kuhisi uvujaji, pamoja na waya wa ethi uliofika ardhini sawasawa. Na hapa kwetu pwani, mchanga mkavu haupokei umeme vizuri, ndiyo maana mafundi wanaojua kazi humwagia mkaa na chumvi mahali pa nondo ya ethi na kuhimiza pawe na unyevu. Nimeona nyumba ambazo waya wa ethi umekatwa na vijana wauza vyuma chakavu, na mwenye nyumba hana habari kwa sababu taa zinawaka kama kawaida.

Ipo na tofauti ya holda ambayo wengi hawaijui. Zile za kupachika, zenye vipini viwili, tumezizoea tangu utoto. Siku hizi zimejaa za kuzungusha, mfano wa kifuniko cha chupa. Katika hizi, waya wa moto lazima ufike kwenye kitovu cha ndani kabisa, na ule wa kurudi ndio uende kwenye ukingo wenye mizunguko. Mwenye kubahatisha akizigeuza, taa itawaka vizuri tu, lakini ukingo ule wa chuma ambao kidole huugusa wakati wa kuzungusha balbu utakuwa na umeme. Mafundi wasiosomea wengi wao hawaijui tofauti hii, achilia mbali mwenye nyumba.

Niingie sasa katika jambo linalonikera zaidi, nalo ni hizi taa za sherehe. Harusi ikifika, au maulidi ya Mfungo Sita, au futari za uani katika Ramadhani, kijana mmoja wa mtaani hutumwa "atuvutie taa". Atachukua waya mapacha mwembamba, wa kuchezeshea spika, atautoa kwenye holda ya chumbani kwa kutumia soketi ya kupachika, atautundika juu ya bati na kuuzungusha kwenye ua wa seng'enge. Waya wa namna hiyo, ukiwa wa nusu milimita mraba, haufai kubeba zaidi ya ampea 3. Njia za taa hufungwa waya wa milimita mraba 1.5, na soketi 2.5. Mkesha ukinoga, mama mmoja ataleta pasi anyooshe kanga za sare, na pasi ya wati 1000 peke yake ni zaidi ya ampea 4. Mwingine ataleta birika la umeme la wati 2000, karibu ampea 9. Umeme ukizidi maradufu katika waya ule ule, joto lake halizidi maradufu, linazidi mara nne. Nailoni ya waya inalainika, inadondoka, nyaya mbili zinagusana, na shoti inapiga juu ya vichwa vya watu walioketi mkekani.

Au haipigi shoti. Waya uliochunika unalala juu ya bati, na bati linakuwa na umeme wote. Pembeni ya bati hilo kuna kamba ya kuanikia nguo, na kamba zetu nyingi si kamba, ni waya wa chuma uliofungwa kwenye msumari wa paa. Asubuhi bibi harusi yuko kwao, wageni wameondoka, na mama wa nyumba anakwenda kuanika mashuka yenye maji. Mafundi na matabibu watakwambia kuwa vifo vya waya wa kuanikia nguo si hadithi ya kutungwa. Anayeuawa hapo si yule kijana aliyevuta taa, ni mwanamke ambaye hata hakuwepo waya ulipopitishwa.

Jambo hili ndilo ninaloomba mlizingatie zaidi ya yote. Mtu anayejifanyia kazi ya umeme hujiona anajihatarisha mwenyewe, na husema, "Kwani nyumba si yangu?" Ukweli ni kuwa yeye akishamaliza hushuka juu ya kiti, akala, akalala, na ile kazi ikabaki ukutani ikimngoja mwingine. Atakuwa mtoto anayebadilisha balbu, au mpangaji wa chumba cha uani, au aliyeinunua nyumba baada ya miaka kumi. Sheria yetu inamkataza mja kujiangamiza kwa mkono wake, na katazo la kumdhuru mwenzako nalo ni kanuni iliyojengewa milango mingi ya fiqhi. Wanazuoni wamesema pia kuwa kuondoa madhara hutangulia kutafuta manufaa. Fedha ya fundi uliyoiokoa ni manufaa. Hesabu iko wazi.

Kuna na kundi la pili, hawa tunaowaita vishoka, wanaopita mitaani wakijidai mafundi, wengine wakijidai watumishi wa TANESCO. Katika Sunan za Abu Dawud, Nasai na Ibn Majah imo Hadithi ya Amr bin Shu'aib kutoka kwa baba yake kutoka kwa babu yake, kwamba anayetibu watu hali hajulikani kwa utabibu, yeye ndiye mdhamini wa madhara yatakayotokea. Mafuqaha wakaipanua hukumu hiyo kwa kila mwenye kujitwika ufundi asio nao. Sioni namna kishoka wa umeme atakavyotoka nje ya hukumu hii. Na mwenye nyumba aliyemwita hali anamjua si fundi, kwa sababu tu ni nafuu, naye ajitazame.

Nirudi katika mambo ya kila siku, kwani ipo mitego miwili ambayo nimesikia watu wazima wenye akili zao wakiingia.

Mtego wa kwanza ni LUKU. Umeme unakwisha, nyumba inaingia giza, na baba anaona hiyo ndiyo nafasi ya kurekebisha ile holda inayolegea, "maana umeme haupo". Hajagusa meinswichi. Wakati yuko juu ya ngazi, kijana wake amenunua umeme kwa simu akiwa barazani, anabonyeza tarakimu kwenye mita, na umeme unarudi mkononi mwa baba yake. Mtego wa pili ni ndugu ya huo, wakati wa kukatika umeme. Tumepita katika migao ya mwaka 2006, ya 2011, na ile iliyotutesa kuanzia 2023 mpaka mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilipoanza kuwashwa Februari 2024. Kila mgao ulizalisha mafundi wa gizani. Umeme uliokatika hauagi unapoondoka wala haupigi hodi unaporudi. Mwenye kutaka kugusa waya wowote ashushe kwanza meinswichi, amwambie kila aliyemo nyumbani, na kama kuna kufuli aitie.

Hapo hapo pana jenereta. Ndugu zetu wa Unguja, ng'ambo ya bahari yetu, waliionja giza kuliko sisi: mwezi wa Mei 2008 umeme wa kisiwa kizima ulikatika kwa karibu mwezi mmoja, na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 ukakatika tena kwa takriban miezi mitatu. Katika hali kama hizo watu hununua jenereta, na huko na huku kwetu utamkuta mtu ametengeneza waya wenye plagi pande zote mbili. Upande mmoja anauchomeka kwenye jenereta, wa pili kwenye soketi ya ukutani, nyumba nzima inawaka. Asilolijua ni kuwa asipotenganisha nyumba yake na njia ya mtaani, umeme wake unatoka nje kupitia mita, unapanda hadi kwenye nguzo, na unamkuta fundi wa shirika aliyepanda kuwarudishia watu umeme akiamini waya umekufa. Bwana huyu naye ana watoto. Jenereta inataka swichi maalumu ya kubadilishia njia, na hiyo hufungwa na fundi.

Sasa nasikia jibu lenu, kwani nimelisikia msikitini mara nyingi: "Sheikh, fundi ni ghali, na maisha unayaona." Nalikubali nusu. Sitomlaumu mjane wa Mikanjuni aliyeunganisha taa moja kwa waya wa jirani kama nitakavyomlaumu mwenye nyumba ya vyumba kumi anayekusanya kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na nyaya zake zimeshikiliwa na misumari iliyopindwa. Huyo wa pili anakula kodi ya watu na kuwalaza juu ya moto. Wapangaji wakimlalamikia kuwa swichi inacheche, huwaambia wafunge tepu. Ama yule wa kipato kidogo, njia zipo. Kwa nyumba ndogo kipo kifaa cha UMETA, Umeme Tayari, kinachokuja na soketi zake, sehemu ya taa na breka, kisichohitaji kutandaza nyaya nyumba nzima. Na jamaa wa msikiti mmoja wakichangishana kama wanavyochangishana kwa ajili ya maiti, wanaweza kumlipa fundi akague nyumba za wajane na mayatima wa mtaa. Tunachanga upesi sana baada ya msiba.

Ila wapo wasiomwita fundi kwa sababu nyingine, nao wanajijua. Wanaogopa fundi ataona waya uliopita pembeni ya mita. Hao nawaambia waziwazi kuwa wizi wa umeme ni wizi kama mwingine, na Ramadhani haiuhalalishi. Waya wa namna hiyo tena haupiti kwenye breka wala kinga yoyote, ndiyo maana ukipiga shoti hakuna wa kuukata.

Na wapo watakaosema kuwa ajali ni kadari. Ni kweli kuwa kila jambo ni kwa kadari ya Mwenyezi Mungu. Lakini Sayyidna Umar (R.A.) alipofika Sargh, akaambiwa Sham kuna tauni, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubaida (R.A.) alipomuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alimjibu kuwa ndiyo, anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuelekea kadari ya Mwenyezi Mungu. Kushusha meinswichi nako ni kadari.

Fundi anayefaa hupatikana. Tunacho chuo cha VETA hapa Tanga, na vijana wengi wa Kiislamu wamepitia hapo. Mafundi wa kufunga umeme majumbani wanatakiwa wawe na leseni ya EWURA, kila mmoja kwa daraja lake, na si utovu wa adabu kumwambia fundi, "Mwanangu, nionyeshe leseni yako." Anayekasirika kwa swali hilo mpe chai aende zake. Akija anayejua, mwambie apime ethi, akague kama swichi zote zimekata waya wa moto, aitazame breka ya kila njia na unene wa waya wake, na apande darini kutafuta kazi ya panya. Mkitaka taa za harusi, mwiteni yeye yule. Balbu unaweza kubadilisha mwenyewe, umeme ukiwa umeshushwa, mikono mikavu, viatu miguuni.

Ikitokea mtu amenaswa, usimshike kwa mkono, nawe utanaswa. Kimbilia meinswichi. Ikiwa iko mbali, simama juu ya ubao mkavu umsukume kwa mti mkavu, mchi au mpini wa jembe, usitumie chuma wala tawi bichi. Akiwa hapumui, anayejua kumpulizia na kumkandamiza kifua aanze hapo hapo. Akizinduka na kusema hajambo, mpelekeni hospitali vilevile, Bombo au iliyo karibu, kwani moyo ulioguswa na umeme huweza kugeuka baadaye. Moto wa umeme msiumwagie maji kabla umeme haujakatwa. Piga 114 kwa Zimamoto, na toeni watoto kwanza, vyombo vitapatikana.

Madrasa yetu nayo haijakamilika. Wiki iliyopita nilipanda darini na fundi, kijana niliyemsomesha zamani ambaye sasa ana leseni yake, tukakuta waya wa taa ya veranda umetafunwa kiasi cha shibiri moja, shaba iko wazi, na chini yake mikeka ya watoto imekunjwa. Tumeikata njia hiyo. Kesho Jumamosi baada ya alfajiri tunaanza kuibadilisha, na wazazi wenye nafasi wanakaribishwa waje waone kwa macho yao kilichokuwa juu ya vichwa vya watoto wao.